Dondoo muhimu: Rangi ya kukinga mabati ya maduka na maghala
Ziwa Nyasa ni la maji baridi, hivyo mabati ya maduka na maghala ya Lipingo, kando ya ziwa hilo, hayaliwi na chumvi kama ya pwani. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati linapolalia jingine, maji yanakotuama. Kazi ifanyike kiangazi, Juni hadi Oktoba, umande ukishakauka. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, bati lioshwe na kukauka, ipakwe praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati mikono miwili. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi vizuri bila praima yake maalumu. Lililotoboka libadilishwe tu. Rangi si kiraka. Paa linalokingia maji ya kunywa lisipakwe rangi yenye madini ya risasi.