Delfi peke yake haitoshi mpakani

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Natafiti mustakabali wa teknolojia ya forodha Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi 2040. Msimamizi wangu anapendekeza mbinu ya Delfi. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ingawa usiitupe. Delfi ilibuniwa na watafiti wa RAND, Marekani, miaka ya 1950. Wataalamu huulizwa kwa awamu bila kujuana majina, huona majibu ya wenzao, kisha huyafikiria yao upya. Hivyo mkubwa hamzibi mdomo mdogo wake. Tatizo ni jopo. Ukiita maofisa wa forodha na wahandisi tu, utapata mpaka unavyoonekana ofisini. Ongeza mawakala, madereva wa malori na akina mama wanaovusha nafaka: wao ndio wanaojua mtandao ukikatika kazi huendaje.

Kisha kumbuka 2020. Kituo cha pamoja cha Busia kilikuwa kimezinduliwa 2018, na mizigo ilifuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki. Hata hivyo, upimaji wa Korona kwa madereva ulileta foleni ya malori ya kilomita nyingi Malaba. Jopo linalotafuta makubaliano hupitwa kirahisi na mshtuko kama huo. Kwa hiyo tumia pia senario, yaani masimulizi ya hali zinazoweza kutokea, mbinu ambayo Pierre Wack aliiendeleza katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya mgogoro wa mafuta wa 1973. Andika mbili au tatu zinazotofautiana kweli: reli ya kisasa imefika Malaba, mpaka umefungwa kwa ugonjwa, biashara ndogo imehamia njia za panya. Halafu lirudishie jopo lako kila moja, uone ni majibu gani yanabadilika.