Taa ya Baiskeli Isikuzimikie Njiani: Jinsi ya Kupima na Kutunza Chaji

Nchini Kenya jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Huo ndio wakati wafanyakazi wengi wanarejea nyumbani kwa baiskeli, na wahudumu wa bodaboda za baiskeli bado wanabeba abiria. Taa ya nyuma ikizimika, dereva wa lori huenda akamwona mwendeshaji akiwa amemkaribia mno.

Hesabu ya chaji

Taa nyingi za kuchajiwa, pamoja na vifaa vya GPS vya kuonyesha njia, hutumia betri za lithiamu za takriban volti 3.7. Ukubwa wa betri huandikwa kwa mAh. Zidisha mAh kwa 3.7, kisha ugawanye kwa 1,000 ili upate wati-saa. Betri ya mAh 2,000 ina wati-saa 7.4. Taa ikitumia wati 5, itawaka kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Ikipunguzwa hadi wati 1, itawaka takriban saa saba.

Betri iliyozeeka hudumu muda mfupi zaidi. Jaza chaji, washa taa nyumbani na uandike imewaka kwa muda gani. Muda huo uzidi ule wa safari yako.

Kuchaji na kutunza

1. Tumia chaja ya USB ya volti 5. Betri ya mAh 2,000 ikichajiwa kwa ampia 0.5 huchukua zaidi ya saa nne, hivyo nusu saa kabla ya safari haitoshi.
2. Usingoje chaji iishe kabisa kila mara. Chaji inapobaki robo.
3. Usiache taa juani wala karibu na jiko. Joto huzeesha betri haraka.
4. Ukinyeshewa, kausha tundu la chaja kabla ya kuchomeka waya.
5. Taa isiyotumika kwa miezi kadhaa ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji.
6. Betri ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe wala kuitupa motoni. Ipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA.

Kifaa cha GPS

Mwangaza wa skrini hula chaji nyingi. Upunguze, na uzime Bluetooth usipoihitaji.

Chaji ikipungua njiani

Punguza mwanga wa taa ya mbele mapema na uendeshe polepole. Taa nyekundu ya nyuma isizimwe. Taa zote zikizimika, shuka, toka barabarani na usukume baiskeli kando. Kuchelewa kufika ni afadhali kuliko kugongwa gizani.