Aliyepanda Kadutu Acheze kwa Nini?

Bukavu ni mji wa vilima. Umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukiyapa maji mgongo, safari ni ya kupanda. Mama anayebeba gunia la makaa kutoka gatini hadi soko la Kadutu, kamba imemkaza kwenye paji la uso, anafanya mazoezi kuwazidi wanaolipia ukumbi wa mazoezi. Mwambie kwamba wanasayansi wamegundua faida za kucheza muziki, naye atakuuliza: hili jasho langu halitoshi?

Swali lake ni la kisayansi hasa. Hatuwezi kujua dansi inaongeza nini kabla ya kutoa kwenye hesabu yale ambayo kilima humpa mtu bila ngoma wala gitaa.

Tuanze na msuli. Unapojikunja hutumia nishati, na akiba iliyo tayari ndani yake huisha kwa sekunde chache. Inabidi itengenezwe nyingine kwa kuunguza sukari na mafuta, kazi inayohitaji oksijeni. Ndiyo maana unahema na moyo unakwenda mbio. Damu inapopita kwa nguvu, kuta za mishipa hulegea na kupanuka, na jambo hilo likirudiwa kwa miezi, shinikizo la damu hushuka. Tena msuli unaofanya kazi huweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa chache, habari njema kwa mwenye kisukari. Msuli haujui kama unalima, unapanda au unacheza ndombolo. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa nadra kuliko madereva waliokaa. Hakuna kondakta aliyecheza hata hatua moja.

Kwa upande wa moyo, basi, mama wa Kadutu ameshinda hoja. (Gunia lenyewe ni kesi nyingine: shingo na mgongo wake vinalipa gharama ambayo hakuna dansi itakayoirudisha.)

Lakini kupanda kilima ni kwenda mbele tu. Anayecheza huzunguka, hurudi nyuma, husimama kwa mguu mmoja, hubadili upande ghafla. Ili asianguke, ubongo hukusanya habari kutoka sehemu tatu: macho, vihisio vilivyomo kwenye misuli na maungio, na mirija midogo ya sikio la ndani, ambamo majimaji husogea kichwa kinapogeuka na kupinda vinyweleo vinavyopeleka taarifa. Umri unapozidi, vyanzo hivi vyote hufifia, na mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi maisha yake hayarudi yalivyokuwa. Dansi hulazimisha mfumo huo ufanye kazi kutoka pande zote.

Hilo limepimwa Magdeburg, Ujerumani. Wazee waligawanywa: wengine walifanya mazoezi ya kurudiarudia, wengine walifundishwa dansi yenye hatua mpya kila mara. Baada ya miezi 18, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka ukubwa katika makundi yote mawili. Uwezo wa kusimama imara, hata hivyo, uliongezeka kwa wachezaji peke yao. Waliomaliza hawakufika hata 30, kwa hiyo tusipige vigelegele mapema.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa utafiti unaotajwa kuliko wote, wa Joe Verghese na wenzake mwaka 2003. Walifuatilia watu 469 wa Bronx, New York, waliozidi miaka 75. Kati ya mazoezi yote ya mwili waliyoyachunguza, ni dansi pekee iliyoambatana na upungufu wa ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Je, dansi iliwakinga? Huenda. Lakini pia yawezekana kwamba mtu ambaye akili imeanza kudhoofika ndiye anayeacha dansi kwanza, kabla daktari hajagundua lolote. Kufuatilia watu peke yake hakutatui fumbo hilo.

Kinachonivutia zaidi ni kucheza pamoja. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 264 nchini Brazil. Wengine walicheza mwili mzima, wengine walichezesha mikono wamekaa. Wengine kwa hatua moja, wengine kila mtu na lake. Kisha walibanwa mkono kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu ili ionekane nani atavumilia maumivu. Kutoka jasho kuliongeza uvumilivu. Kwenda sawa na wenzako kuliongeza pia, hata kwa waliokaa. Watafiti wanadhani sababu ni endofini, kemikali za mwili za kutuliza maumivu, ingawa hizo zenyewe hawakuzipima.

Hapo ndipo kilima kinaposhindwa, kwa sababu mwenye gunia hupanda peke yake.

Bukavu imekutumia kucheza pamoja bila kusubiri maabara. Cité de la Joie, iliyofunguliwa mwaka 2011 chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver, imepokea wanawake walionusurika ukatili wa kijinsia, na dansi imekuwamo katika maisha yao ya kila siku. Lakini pale kumekuwapo pia ushauri, masomo na ulinzi, hivyo hakuna awezaye kusema dansi peke yake imeponya kiasi gani. Kazi ya kutenganisha imeanza kwa upande wa muziki: mpango wa Healing in Harmony, uliozaliwa Hospitali ya Panzi mjini humu, ambamo wanawake hutunga na kurekodi nyimbo, ulipimwa vijijini Kivu Kusini kwa makundi yaliyoanza kwa zamu, wanaosubiri wakilinganishwa na walioanza. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kupungua kwa dalili za wasiwasi, sonona na kiwewe.

Dansi ya Bukavu inastahili kipimo cha namna hiyo, na vyuo vikuu vya mji huu vinaweza kukifanya. Kwa sasa, mwenye bibi anayepanda Kadutu kila siku asimwongezee matembezi. Amtafutie kikundi cha kucheza, amshike mkono ikiwa miguu inayumba, na ampeleke kwa daktari kwanza kama kifua kinamuuma.