UNAPELEKA WATU SAITI? KABLA YA KUTAJA BEI, ULIZA MWAJIRI NI NANI

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja. Naongelea kodi, kwa sababu mwezi mmoja tu wa kupeleka vibarua saiti ulinilia hela ya mzigo wa buti. Soma mpaka mwisho, hata kama wewe unauza vitenge.

Mimi nauza vifaa vya usalama mtandaoni, niko hapa Kalangalala, Geita. Buti, helmeti, glovu, rifleksa. Wateja wangu wengi ni watu wa ujenzi. Ukishamuuzia fomeni mara tatu anaanza kukuuliza: "Dogo, huna vijana huko? Nataka saidia fundi ishirini Jumatatu." Mwaka 2024 nikaona hii ndo hela. Vijana ninao, namba zao ninazo, kazi yangu ni kupiga simu tu.

Kampuni ikanipa mkataba wa kurasa mbili. Nikaangalia bei, nikasaini. Sikuangalia sentensi moja iliyosema hao vijana ni waajiriwa WANGU. Sentensi hiyo ndiyo ilibeba kodi yote.

HESABU NILIYOPIGA KICHWANI

Vijana 20, siku 26, kila mmoja 12,000 kwa siku. Mishahara jumla 6,240,000. Kampuni nikaitoza 13,500 kwa kila kijana kwa siku, yaani 7,020,000. Nikajua faida yangu ni 780,000. Safi kabisa.

Mwisho wa mwezi mhasibu wao akaniambia: "Leta risiti za NSSF za hawa watu ndo tuachie malipo." Hapo ndo nikaanza kujifunza.

HESABU YA KWELI

Ukiwa mwajiri, juu ya mshahara unaongeza vitu hivi kutoka mfukoni kwako:

- NSSF: mchango wote ni 20% ya mshahara. Kwa kawaida nusu anakatwa mfanyakazi, nusu unatoa wewe. Nusu yangu: 624,000.
- SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi: inakuhusu ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi. Kiwango kilichoanza Julai 2023 ni 3.5%. Kwangu: 218,400.
- WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi: 0.5%. Kwangu: 31,200.

Jumla 873,600. Ni 14% juu ya mishahara. Toa kwenye ile "faida" ya 780,000, unabaki na hasara ya 93,600. Na hapo sijahesabu daladala wala buti nilizowapa vijana.

Kuna PAYE pia, ila hiyo anakatwa mfanyakazi, wewe unaipeleka TRA. Mshahara unaobaki baada ya kutoa NSSF ukiwa hauzidi 270,000 kwa mwezi, PAYE ni sifuri. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa 8%. Kijana wangu wa 312,000 akitoa NSSF 31,200 anabaki na 280,800, kwa hiyo PAYE yake ni shilingi 864. Ni kidogo, lakini usipoikata na kuipeleka, deni linakuwa lako wewe mwajiri.

KODI YA ZUIO: HELA ISIYOFIKA KWENYE AKAUNTI

Kampuni ikikulipa huduma inazuia 5% na kuipeleka TRA kwa jina lako. Kwenye ujenzi, mkataba ukiwa na vifaa na ufundi pamoja, hugawanywa tatu kwa mbili na zuio linakaa kwenye sehemu ya ufundi. Lakini ukipeleka nguvu kazi tupu, hakuna vifaa vya kutoa. Wanazuia kwenye ankara yote. Mimi walizuia 351,000.

Ongeza na ile hasara: nilipungukiwa 444,600 taslimu. Mishahara ya vijana haiwezi kusubiri, wana familia. Nikatoa hela ya buti.

Sasa sikiliza vizuri: zuio sio hela iliyopotea. Dai cheti chake kila malipo. Ukifika mwisho wa mwaka kinapunguza kodi yako ya mapato. Watu wengi hawakidai, wanalipa mara mbili.

MWAJIRI NI NANI? NJIA MBILI

1. Wakala wa ajira. Unatafuta watu, unawaunganisha na kampuni, mkataba wa kazi unakuwa kati ya kijana na kampuni. Kampuni inabeba NSSF, SDL, WCF na PAYE. Wewe unaandika ankara ya kamisheni yako tu. Njia hii inahitaji leseni ya wakala chini ya sheria ya ukuzaji ajira ya mwaka 1999. Na kuchukua ada kwa kijana anayetafuta kazi hairuhusiwi. Mwaka 2014 serikali ilikataza mawakala kuajiri watu na kuwakodisha kwa makampuni. Mimi hilo nilikuja kulijua baadaye, nikiwa nimeshalifanya.

2. Mkandarasi mdogo. Unapewa kipande cha kazi, unakifanya na watu wako. Hapo wewe ni mwajiri kamili, ile 14% ni yako, na unatakiwa usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wakandarasi (CRB).

Usikae katikati. Katikati ndo nilikokaa mimi.

VAT INAANGALIA MAUZO, SIO FAIDA

Lazima usajiliwe VAT mauzo yakifika milioni 200 ndani ya miezi 12. Unaona mbali? Kwa bei yangu ile ya 13,500, ukiwa mwajiri wa vijana 48 kila mwezi umeshavuka, hata kama mfukoni hubaki na kitu. Ukisajiliwa, 18% inaongezwa juu ya bei, haitoki ndani yake. Iandike kwenye mkataba mapema.

Na usifikiri utakadiriwa kama duka. Ule utaratibu wa walipakodi wadogo ni wa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Ukifungua kampuni, hata iwe ndogo vipi, inalipa 30% ya faida na inahitaji hesabu zake.

TAREHE ZA KUBANDIKA UKUTANI

- Tarehe 7 ya mwezi unaofuata: PAYE na SDL.
- Tarehe 20: ritani ya VAT, kama umesajiliwa.
- Mwisho wa mwezi unaofuata: NSSF na WCF.
- Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba: awamu za kodi ya mapato ya mwaka, kama mwaka wako wa hesabu ni Januari hadi Desemba.

Viwango hubadilika na bajeti kila Julai. Pita ofisi ya TRA uulize kabla ya kusaini. Kuuliza ni bure.

KABLA YA KUTAJA BEI

Zidisha mshahara kwa 1.14. Kwa 12,000 unapata 13,680. Hiyo ni bei ya kutopata hasara, bado hujaweka nauli, buti wala faida. Mimi nilitaja 13,500. Shilingi 180 tu kwa kila kijana kwa siku, nikawa nalipa ili nifanye kazi.

Na wewe wa vitenge: siku unaajiri binti wa kufungasha mizigo na kijana wa bodaboda kwa mshahara, umeshakuwa mwajiri. SDL haikufikii, lakini NSSF na WCF zinakufikia. Ziweke kwenye bei ya bidhaa leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Mimi sikuendelea mwezi wa pili. Nimerudi kwenye buti, leseni ya wakala naifuatilia taratibu. Fomeni bado ananipigia. Namwambia subiri kidogo bosi, safari hii nakuja na karatasi.

Umewahi kupeleka watu saiti? Ulitoza bei gani? Tupe hesabu yako hapa chini tujifunze.