Tusome Pamoja Nyumbani: Mwongozo wa kuanzisha kikundi kidogo cha vijana wanaojiandaa kwa Mtihani wa Maarifa (QT) na kidato cha nne

Kijitabu hiki ni cha nani

Mitaani kwetu wapo vijana ambao hawavai sare lakini wanasoma. Mmoja aliacha shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi darasani, ila yeye ana mtoto anayenyonya na shule iko mbali. Mwingine aliugua muda mrefu, wenzake wakamwacha madarasa mawili. Wa tatu alipata sifuri kidato cha nne na anataka kurisiti. Wote wana madaftari, wote wana nia, na ikifika mwezi wa tano wengi wao huwa wameshalegea.

Masomo ni magumu, hilo halina ubishi. Lakini kinachowaangusha zaidi ni kukosa mtu wa kuwangoja. Mwanafunzi wa shule akichelewa kuna atakayemuuliza alikuwa wapi. Anayesomea sebuleni akiiahirisha Jiografia hadi kesho, hakuna atakayejua, na kesho hiyo huwa haifiki. Kikundi kinaanzishwa kwa ajili hiyo kwanza, mengine yote baadaye.

Mtoto wa umri wa shule ya msingi hahusiki hapa. Huyo sheria inamtaka awe shuleni, na mzazi ana wajibu wa kumpeleka.

Anzeni na nyumba chache

Vijana sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi na wawili, wale wa kimya wanaanza kujificha nyuma ya wasemaji, na mnakuwa mmeunda darasa dogo lisilo na mwalimu. Wakiwa watatu tu, mmoja akipata msiba na mwingine akipata kibarua, siku imekufa.

Kutaneni wazazi na walezi kabla ya vijana. Anayejua vikoba anajua namna ya kuendesha jambo hili: katiba ya ukurasa mmoja, mtunza fedha anayeaminika, daftari la mahudhurio, mchango mdogo unaolipika. Mchango ni wa chaki, kutoa kopi na bando la simu moja. Faini ya kuchelewa tunashauri isiwe pesa. Aliyechelewa asimame afanye swali moja la ziada ubaoni. Litamuuma zaidi na litamfaa zaidi.

Mahali msihangaike napo. Baraza lenye kivuli, chumba cha madrasa ambacho asubuhi hakitumiki, ofisi ya serikali ya mtaa kama mwenyekiti ni mwelewa. Ubao ni mbao moja laini iliyopakwa rangi nyeusi.

Kuna jambo moja wazazi huliona dogo: saa za kikundi ziheshimiwe kama saa za kazi. Msichana aliyekaa kusoma hutumwa sokoni, kisimani na kwa shangazi, kwa kuwa "yupo tu nyumbani". Kubalianeni wazi kwamba kuanzia saa tatu hadi saa sita, siku tatu kwa wiki, hatumwi mtu. Mwenye mtoto mchanga aje naye, na bibi mmoja apangiwe zamu ya kumshika.

Siku moja ya kikundi

Kosa linalojirudia ni kumweka mmoja asome kitabu kwa sauti huku wengine wakinakili. Wanatoka na daftari zuri na kichwa kitupu. Utaratibu unaofaa ni kila kijana kupewa mada ndogo wiki moja kabla, aje awaelekeze wenzake, nao wamuulize mpaka abanwe.

Tuseme zamu ni ya Kemia, kusawazisha milinganyo. Kijana anaandika H₂ + O₂ → H₂O. Anamwaga mezani vizibo vya soda: vyeupe ni haidrojeni, vyekundu ni oksijeni. Upande wa kushoto anapanga vyeupe viwili na vyekundu viwili, kulia vyeupe viwili na chekundu kimoja. Chekundu kimoja kimepotea wapi? Daima atatokea wa kusema, "Ongeza 2 ndogo chini ya O." Mwacheni aongeze. Sasa imekuwa H₂O₂, ambayo si maji tena bali ni ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba namba huwekwa mbele ya molekuli nzima: 2H₂ + O₂ → 2H₂O, vyeupe vinne na vyekundu viwili kila upande. Aliyepanga vizibo kwa mkono wake hatalisahau hilo ndani ya chumba cha mtihani.

Bishaneni kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiingereza. Karibu masomo yote ya QT na ya kidato cha nne, Kiswahili kikiwa kando, hujibiwa kwa Kiingereza, na vijana wengi wanaojua jibu hupoteza alama kwa kushindwa kulieleza. Kwa hiyo nusu saa ya mwisho iwe ya kalamu. Kila mmoja anaandika aya moja ya Kiingereza juu ya walichojadili, anabadilishana na jirani yake, jirani anasahihisha. Msiiruke hata mkichoka.

Vitabu na mwalimu

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomeka bure. Mtaala ulioboreshwa unaingia kwa awamu, hivyo hakikisheni kikundi kizima kinafuata muhtasari wa mtihani ambao mtaufanya kweli, si ule wa kitabu alichoachiwa mtu na kaka yake.

Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ina hazina ambayo wengi hawaifungui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo, swali kwa swali, mnaelezwa watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Toeni kopi kurasa za Hisabati na Baiolojia. Ukilazimika kuchagua kati ya taarifa hizo na tuisheni ya mwezi mmoja, chukua taarifa.

Mwalimu wa kukodi aje mara chache, kwa mada zilizowashinda tu, na mumpe orodha ya maswali mapema. Nesi wa mtaani anaweza kueleza mzunguko wa damu, mwenye duka akafundisha faida na hasara. Mkianza kupokea wanafunzi wa nje kwa ada, mmeshatoka kwenye kikundi na mnaelekea kuwa kituo cha masomo; muoneni kwanza Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri awaeleze taratibu za usajili.

Usalama

Mtu mzima asiye mzazi asikae peke yake na kijana mmoja kwenye chumba kilichofungwa, hata akiwa mwalimu anayeheshimika. Vikao viwe mchana. Kila kijana ajue namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bila malipo.

Usajili wa mtihani

Vijana wenu watafanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Asiyefaulu mtihani wa kidato cha pili hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa, yaani QT, ndipo aruhusiwe kidato cha nne. Anayeanzia QT basi ajipange kwa miaka miwili, na asidanganywe na anayemwahidi vyote ndani ya mwaka mmoja.

Mitihani hii hufanyika Novemba, lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Januari, na anayechelewa hulipa zaidi. Ada na tarehe zisomeni kwenye tangazo la NECTA la mwaka husika, msitegemee ya jirani. Kabla ya kulipa chochote nendeni kwenye kituo cha mtihani mkaulize: Je, kinapokea watahiniwa wa kujitegemea? Je, kina maabara kwa anayechukua Fizikia, Kemia au Baiolojia, masomo yenye mtihani wa vitendo? Majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vyeti vya awali, kwani kusahihisha jina baadaye ni safari ndefu. Mtunza fedha ahifadhi nakala ya kila risiti, na namba ya mtihani ya kila kijana iandikwe kwenye daftari la kikundi siku ileile inapotolewa.