SOMO: KUVU NA UTENGENEZAJI WA HARUFU



Wengi wetu huijua kuvu kwa ubaya wake tu, yaani ule uvundo umpokeao katibu afunguapo gunia la kahawa lililohifadhiwa bichi. Hata hivyo, hamira itumiwayo jikoni nayo ni aina ya kuvu, na harufu tamu ya mkate hutokana kwa sehemu na kazi yake. Yafaa basi tufahamu jinsi kuvu inavyotengeneza harufu.

Kuvu inavyofanya kazi

Kuvu si mmea wala mnyama. Haiwezi kujipatia chakula kwa nuru ya jua, bali humwaga vimeng'enya juu ya kitu, hukiyeyusha, kisha hukifyonza. Katika kazi hiyo hutoa kemikali nyepesi zirukazo hewani, nazo ndizo pua huzitambua. Harufu itakayopatikana hutegemea mambo matatu: aina ya kuvu, chakula chake, na hali ya unyevu, hewa na joto.

Mfano wa Brazili

Mwaka 2000 watafiti wa Curitiba, nchini Brazili, walitangaza matokeo ya kukuza kuvu iitwayo Ceratocystis fimbriata juu ya maganda ya kahawa. Maganda yalipitishwa kwanza katika mvuke, yakaongezwa sukari ya glukosi, ndipo kuvu ikapandwa. Ilitoa harufu ya matunda, mfano wa nanasi. Walipoongeza leusini, ambayo ni kijenzi kimoja cha protini, harufu ya ndizi ilitokea kwa nguvu. Sababu ni kwamba kuvu huigeuza leusini kuwa aina ya alkoholi, kisha huiunganisha na asidi ya siki. Matokeo yake ni kemikali ileile iipayo ndizi mbivu harufu yake.

Viwanda vya vyakula hupendezwa na njia hii kwa kuwa harufu itokanayo na kiumbe hai huweza kuuzwa kama ya asili.

Tahadhari

Mwanachama asidhani kwamba ataipata faida hiyo kwa kuyaacha maganda yavunde uani. Maabara huchagua kuvu moja na kuzizuia nyingine zote. Isitoshe, Ceratocystis fimbriata huingia katika majeraha ya miti na huweza kuua mibuni na miembe. Haifai kuchezewa shambani.

Ghalani hakuna achaguaye. Kahawa isiyokauka hukaribisha kuvu yoyote, na baadhi yake, kama Aspergillus ochraceus, hutoa sumu iitwayo okratoksini A. Kuikaanga kahawa huipunguza sumu hiyo, lakini hakuiondoi yote. Kwa hiyo kahawa ikaushwe mpaka unyevu ufikie asilimia 11 hadi 12, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Katibu asione haya kuikataa kahawa mbichi, hata ikiwa ni ya jirani yake. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Na bei ikishushwa kwa ajili ya gunia moja, hasara ni ya chama kizima.

Maswali ya majadiliano

1. Ni mambo gani matatu huamua harufu itolewayo na kuvu?
2. Kwa nini leusini ilileta harufu ya ndizi?
3. Chama chenu hupimaje ukavu wa kahawa kabla ya kuipokea, na nani huwajibika?