Mbuna Wakigombana, Panga Upya Nyumba Yao

Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na rangi zao zimewafanya wafugwe kwenye matangi ya kioo duniani kote. Lakini ni wagomvi. Dume huchagua jiwe lake na kumtimua kila anayelisogelea. Ziwani anayetimuliwa hukimbia, yakaisha. Ndani ya tangi anafika kwenye kona, na adui yuko palepale nyuma yake.

1. Nunua tangi refu. Sentimita 120 na lita 200 ndipo pa kuanzia. Mbuna hugombania chini, kwenye mawe, kwa hiyo kimo cha tangi hakiwasaidii sana.

2. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mimi niliuziwa "jozi" ya kenyi, aina mojawapo ya mbuna: dume wa manjano, jike wa bluu. Siku ya tano nilimkuta jike amejibana nyuma ya hita, karibu kabisa na uso wa maji, mkia umechanikachanika, mashavu yakipwita. Nilipomtazama vizuri nikaona koo limevimba: alikuwa amebeba mayai mdomoni. Jike wa mbuna huyatunza hivyo kwa wiki tatu hivi, na muda huo hali kitu, au anakula kidogo mno. Na dume alikuwa hamwachi hata dakika. Nilimhamishia tangi dogo usiku uleule. Majike wakiwa wengi, mateso hayamwangukii mmoja.

Kumbuka pia kwamba kenyi wachanga wote ni bluu. Madume hugeuka manjano wakikua. Ukinunua wadogo sita, subiri uwajue, kisha upunguze madume.

3. Rundika mawe mpaka karibu na juu. Yaache mapango mengi, kila moja likiwa na njia mbili, maana pango lenye mlango mmoja ni mtego. Dume asiweze kuona tangi zima akiwa mahali pamoja. Mawe ya chini yakae juu ya kioo chenyewe, changarawe ifuate baadaye: mbuna huchimba, na rundo likiporomoka linaweza kuvunja tangi.

4. Usichanganye wanaofanana. Dume humchukia zaidi mwenye rangi kama yake. *Labidochromis caeruleus* ni mpole kuliko mbuna wengi, lakini kwa kuwa naye ni wa manjano, usimweke na dume wa kenyi. *Melanochromis auratus* mimi simshauri mtu anayeanza. Hata majike wake ni wakali.

5. Waongeze kidogo. Inashangaza, ila kwa mbuna inasaidia: wakiwa kumi na tano au zaidi, dume hapati nafasi ya kumwandama mmoja tu. Sharti uwe na kichungi chenye nguvu, na ubadilishe robo hadi theluthi ya maji kila wiki. Kama huna muda huo, usijaribu.

6. Mgeni akija, hamisha mawe. Wenyeji wakipoteza mipaka yao, wote wanakuwa wageni. Walishe, zima taa, ndipo umwingize. Wageni wakiingia wawili watatu kwa pamoja, ni bora zaidi.

7. Chakula kitawanye. Kidogo, mara mbili kwa siku, na kiwe cha mwani. Vyakula vya nyama nyama vinaweza kuwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo.

8. Mkorofi sugu mtoe yeye, badala ya kumtoa anayeonewa. Ukimwondoa huyu, atatafutwa mwingine. Mkorofi mweke mbali wiki mbili, panga mawe upya, kisha mrudishe akiwa wa mwisho.

Jike wangu alivitema vifaranga vyake kwenye lile tangi dogo, akala, mkia ukaota tena. Nilimrudisha pamoja na majike wenzake watatu. Dume bado humfukuza, lakini siku hizi anaishia jiwe la pili, anageuka na kurudi kwake.